Maisha ya Idi Amin, Askari Ambaye Hakuadhibiwa

Muhula uliopita Chama chetu cha Mdahalo kilitupa hoja ngumu. Hoja ilisema kwamba askari wanaowaua mateka kwa kulipiza kisasi wanapaswa kuadhibiwa kama wauaji wengine. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande uliopinga. Nilisimama mbele ya wenzangu na walimu, nikaeleza kwamba si haki mtu aliyeketi kivulini kumhukumu mtu aliyekuwa motoni. Kwamba askari aliyemzika rafiki yake asubuhi hawezi kuulizwa jioni kwa nini alikosa subira. Na kwamba nchi inayowafunga watetezi wake itawakosa watetezi siku ya haja. Nilitaja vita vya Kagera, kwa kuwa nilijua wengi wetu tunao wazee waliokwenda huko. Makofi yalikuwa mengi. Kura zilipohesabiwa, upande wetu ulishinda.

Jioni ile nilipita kwa babu yangu. Nyumba yake iko hapa hapa Kwakoa, upande wa tambarare, mahali ambapo ukigeuka nyuma unaiona milima ya Upare imesimama kama ukuta. Babu alikwenda vitani mwaka 1978 akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, naye si mtu wa kusimulia sana habari za huko. Nilidhani atafurahi kusikia jinsi nilivyowatetea askari. Tulikuwa tunakula makande. Nilipomaliza kueleza, aliweka kijiko chini akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nilijua Idi Amin alianza wapi.

Nilimjibu kwamba alianza mwaka 1971, alipompindua Milton Obote. Babu akatikisa kichwa. Akaniambia niende nikamwombe mwalimu wa historia vitabu, niyasome maisha ya mtu yule tangu mwanzo bila kuruka, na nikimaliza nirudi tuzungumze. Basi haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyasoma, na mwisho nitaeleza yale niliyoambiwa na babu niliporudi.

Idi Amin alizaliwa karibu na mwaka 1925. Wengine husema alizaliwa Koboko, katika Nile ya Magharibi, pembe ile ambako Uganda inapakana na Sudan Kusini na Kongo. Wengine husema alizaliwa Kampala. Baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara. Alilelewa na mama yake, wala hakupata elimu ya kutosha. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mrefu kupita wenzake, mcheshi, mwenye nguvu nyingi na maneno machache.

Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la Kiingereza la K.A.R., ambalo wazee wetu waliliita Keya. Yasemekana kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsaidia mpishi. Lakini hakukaa jikoni siku nyingi. Waingereza walipenda askari wa namna yake: mwenye afya, mtii, asiyechoka kwa mwendo na asiyeuliza maswali. Alikuwa bondia hodari, na kwa miaka mingi, tangu 1951 mpaka 1960, alikuwa bingwa wa Uganda wa uzito wake. Alitumikia Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, akapandishwa cheo baada ya cheo. Mwaka 1959 alipewa cheo cha efendi, ambacho kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho askari Mwafrika aliweza kukipata wakati ule bila kuwa ofisa kamili. Mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kufanywa maofisa kwa amri ya Malkia. Ninaposema Waganda hapa nina maana ya wananchi wa Uganda nzima.

Sasa, ndugu msomaji, tufike mahali ambapo babu alitaka nifike.

Mwanzoni mwa mwaka 1962, Luteni Idi Amin alipelekwa na kikosi chake kaskazini magharibi ya Kenya, katika nchi ya Waturkana. Waturkana na Wakaramojong wa Uganda walikuwa wakinyang'anyana ng'ombe tangu zamani. Wanaume waliuawa kila upande, na kila kifo kilidai kifo kingine. Kazi ya kikosi ilikuwa kuuzuia wizi huo na kuwakamata waliohusika. Ni kazi ambayo watu wa mpakani kama sisi tunaielewa. Mifugo ikivuka mpaka usiku, asubuhi hakuna mtu mwenye moyo wa upole.

Kikosi kilipoondoka, malalamiko yalianza kuwafikia wakubwa wa serikali ya Kenya. Waturkana walisema kwamba watu wao waliokamatwa hawakurudi. Serikali ikafanya uchunguzi, na makaburi yakafukuliwa. Ilionekana kwamba watu wale hawakufa katika mapigano. Waliteswa wakiwa wamekwisha kukamatwa, wakapigwa mpaka kufa, na baadhi yao walizikwa wakiwa bado hai. Aliyeongoza kikosi kile alikuwa Luteni Idi Amin.

Naomba msomaji aelewe vizuri. Waturkana wale hawakuwa jeshi la nchi nyingine, wala vita haikutangazwa. Walikuwa watu walioshukiwa kwa wizi wa ng'ombe, wamo mikononi mwa askari wenye bunduki. Lakini jambo lenyewe ni lile lile tuliloshindania katika mdahalo wetu: mtu aliyekamatwa, asiye na silaha, anauawa na askari aliyemkamata, na kisingizio ni maovu ya watu wa kwao.

Wakubwa wa Kenya walitaka ofisa huyo ashitakiwe mahakamani kwa kosa la kuua. Shauri likapelekwa kwa Sir Walter Coutts, aliyekuwa Gavana wa Uganda. Lakini siku za Uingereza katika Uganda zilikuwa zimebaki chache. Uhuru ulikuwa umepangwa tarehe 9 Oktoba 1962, na Milton Obote alikuwa amekwisha kuwa Waziri Mkuu. Gavana aliona vigumu kumfungulia ofisa Mwafrika mashitaka ya kuua katika miezi ile, akamwuliza Obote shauri lake. Obote alishauri kwamba Amin akaripiwe vikali, basi. Gavana alikubali, ingawa alimwonya Obote kwamba ofisa yule anaweza kumletea taabu siku za mbele.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikasirika, nikawaona wote wawili kuwa wapumbavu. Niliposoma tena niliona kwamba sababu zao hazikuwa za kipumbavu hata kidogo. Uganda ilikuwa karibu kupata uhuru na maofisa wake wenyewe walikuwa wachache mno. Kumsimamisha mmoja wao kizimbani, mbele ya hakimu wa Kiingereza, kwa ajili ya wachungaji wa nchi ya mbali, kungetia doa katika sherehe ya taifa. Waingereza wenyewe walikuwa wamefanya mengi Kenya katika miaka ya Mau Mau ambayo wakubwa wao hawakupenda yafukuliwe. Tena ofisa alikuwa shujaa, bondia mashuhuri, kipenzi cha askari. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu nzuri ya kuliacha jambo lile lipite. Waturkana peke yao ndio waliokuwa na sababu ya kutaka liendelee, nao hawakuulizwa.

Na sababu zile, wasomaji wapenzi, zilikuwa zangu mimi. Ndizo nilizozisema ukumbini nikapigiwa makofi: kwamba askari ni wachache, kwamba nchi inawahitaji, kwamba waliouawa hawakuwa watu wema. Niliziona zimeandikwa kitabuni, na nikaona zilikompeleka mtu yule.

Baada ya uhuru Amin alipanda haraka. Alifanywa kapteni, kisha meja. Mwezi wa Januari 1964 majeshi ya Tanganyika, Uganda na Kenya yaliasi kwa ajili ya mishahara na vyeo, na baada ya maasi yale Amin akafanywa naibu mkuu wa jeshi la Uganda. Mwezi wa Mei 1966, Obote alipogombana na Kabaka Mutesa wa Buganda, Amin ndiye aliyeongoza askari kuishambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo. Watu wengi walikufa siku ile, na Kabaka akakimbilia Uingereza. Obote alikuwa amepata mtu wa kumfanyia kazi ambazo wengine wangezikataa, naye akampa ukuu wa jeshi. Mtu ambaye mwaka 1962 alistahili kufika mbele ya hakimu, baada ya miaka michache alikuwa jenerali.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola, Amin aliipindua serikali yake. Watu wengi wa Kampala walishangilia barabarani. Obote alikimbilia Tanzania, na Mwalimu Nyerere akampokea.

Yaliyofuata yanajulikana, lakini nitayataja machache, kwa kuwa ukiyapanga mstari mmoja unaona kwamba ni jambo moja linalorudiwa. Mwaka huo huo wa 1971 askari wa makabila ya Waacholi na Walangi, ambao Amin aliwashuku kuwa wafuasi wa Obote, waliuawa kwa mamia ndani ya kambi zao wenyewe. Hawakuuawa vitani, walikusanywa wakauawa. Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania ili kumwondoa Amin. Walishindwa, na wengi wakatekwa. Mmoja wao alikuwa Alex Ojera, aliyepata kuwa waziri katika serikali ya Obote. Aliletwa Kampala, akaonyeshwa mbele ya waandishi wa habari akiwa hai, kisha akauawa. Siku nne baada ya mapigano yale kuanza, Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alitolewa na askari katika Mahakama Kuu yenyewe mchana kweupe, wala hakurudi. Februari 1973 watu walioitwa waasi walipigwa risasi hadharani katika miji mbalimbali, watu wa miji hiyo wakiitwa kuja kutazama. Februari 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Makadirio ya watu waliouawa katika utawala ule wa miaka minane yanafika 300,000.

Nilijiuliza: je, kuna tofauti gani kati ya makaburi ya Turkana na haya ya baadaye? Naona tofauti ni ya hesabu tu. Pale Turkana mtu yule alijifunza kwamba aliyekamatwa anaweza kuuawa, na kwamba baadaye wakubwa watakaa, watakunja uso, watatoa karipio, na maisha yataendelea. Somo hilo hakulisahau.

Sisemi kwamba kama Amin angehukumiwa mwaka 1962, Uganda isingepata msiba. Uganda ilikuwa na matatizo mengine mengi, na huenda angetokea mtu mwingine mwenye bunduki. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa mkononi mwa watu wawili, nao hawakuufunga.

Ndipo taabu hiyo ikatufikia sisi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania, katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo tunauita Mkoa wa Kagera. Waliiteka ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Walilivunja daraja la Kyaka. Walipora kiwanda cha sukari, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu, wakachoma nyumba. Raia wapatao 1,500 waliuawa. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana, na vijana wa nchi nzima wakaitwa, wanajeshi na mgambo. Babu yangu alipanda lori pamoja na vijana wengine wa Upare. Hakuwa amewahi kuvuka Ziwa Victoria, wala hakuwahi kumwona Mganda.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema katika mdahalo, kwa sababu sikulijua. Januari 1979 majeshi yetu yalivuka mpaka na kuuteka mji wa Mutukula. Askari walikuwa wamepita katika vijiji vya Kagera, wameona maiti na majivu. Pale Mutukula baadhi yao walilipiza kisasi. Raia waliuawa, na mji ukabomolewa kwa matingatinga. Mwalimu Nyerere alipopata habari hizi alifadhaika sana, akatoa amri kwamba raia wa Uganda wasidhuriwe wala mali zao zisiguswe. Amri ile haikuondoa hasira yote. Mwezi wa Februari majumba mengi ya Masaka na Mbarara yaliharibiwa kwa baruti. Hata hivyo, neno lilikuwa limekwisha kutoka kwa mkuu wa nchi, na kila kamanda alijua kwamba liko. Naona hapo ndipo penye tofauti kati ya viongozi wale. Mmoja aliletewa habari za uovu wa askari wa Uganda akatafuta njia ya kuyapitisha. Mwingine aliletewa habari za uovu wa askari wake mwenyewe, katikati ya vita ya haki, wananchi wote wakiwa na hasira, akakataa kuupa jina zuri.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Aliishi Jeddah zaidi ya miaka ishirini, akila na kulala, wala hakufikishwa mahakamani hata siku moja. Alikufa huko tarehe 16 Agosti 2003. Kwa hiyo mtu yule aliyekaripiwa mwaka 1962 alikufa akiwa amepata adhabu ile moja tu, karipio.

Kisasi nacho hakikuondoka pamoja naye. Mwaka 1980 na 1981 askari wa serikali mpya ya Uganda, wengi wao wakiwa wa makabila yaliyouawa na Amin, waliingia katika Nile ya Magharibi, alikotoka Amin, wakawaua watu kwa kuwa ni watu wa kwao Amin. Juni 1981, pale Ombaci karibu na mji wa Arua, waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia katika misheni. Maelfu walikimbilia Sudan na Kongo. Watoto waliozaliwa wakati Amin akiwa jenerali walilipishwa deni ambalo hawakulikopa.

Nilipomaliza kusoma nilirudi kwa babu. Safari hii sikuwa na furaha ya mshindi. Nilimwambia niliyoyapata, naye akanisimulia habari ambayo hajawahi kunisimulia.

Alisema kwamba usiku mmoja, katika nchi ya Kagera, aliwekwa zamu ya kumlinda askari wa Amin aliyetekwa mchana. Alikuwa kijana wa umri wake mwenyewe, mikono imefungwa, mdomo umekauka, anaomba maji. Siku hiyo hiyo babu alikuwa amepita katika kijiji kilichochomwa. Mwenzake wa zamu alikuwa amempoteza rafiki, na usiku ulipokuwa mkubwa akasema wammalize mtu yule, waseme alitaka kukimbia. Babu alikiri mbele yangu kwamba hakukataa. Alinyamaza, na moyoni mwake alikuwa tayari. Lakini sajini wao alikuja na taa, akaketi juu ya sanduku la risasi kati yao na yule mateka, akakaa pale mpaka alfajiri. Hakuwahubiria. Aliwaambia tu kwamba jina la mateka limekwisha kuandikwa katika daftari, kwamba asubuhi daftari litasomwa, na kwamba jina likiitwa pasiwe na mtu wa kuitika, wao wawili ndio watakaoitika. Kukapambazuka, jina likasomwa, mateka akaitika, akapelekwa nyuma pamoja na wenzake.

Babu alisema kwamba kwa muda mrefu alimchukia sajini yule. Alipozeeka ndipo alipoanza kumshukuru. Anasema kuwa kama usiku ule wangemwua kijana yule, hakuna mtu ambaye angewalaumu, na yeye angerudi Kwakoa akiwa shujaa kama wengine. Lakini asingeweza kuketi nami tukala chakula katika chungu kimoja bila kumkumbuka. Daftari lile lilimwokoa mateka, na yeye pia lilimwokoa.

Nilimwuliza swali langu la mdahalo: je, si vigumu kumhukumu mtu aliyekuwa motoni? Alijibu kwamba ni vigumu sana, na kwamba hakimu anayemhukumu askari kama huyo anapaswa kujua njaa, usingizi na hasira ni nini, na kuvipima. Mwenye kosa la usiku mmoja si sawa na aliyefanya kuua kuwa kazi yake, wala aliyeamriwa si sawa na aliyeamuru. Lakini kupima adhabu ni jambo moja, na kusema kwamba hakuna kosa ni jambo lingine. Mtu wa kwanza kuumia kosa likisemwa kuwa si kosa ni askari mwema, kwa maana yeye aliyejizuia anaonekana mjinga.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Katika vita vya Waingereza na Makaburu wa Afrika ya Kusini, maofisa wawili waliolitumikia jeshi la Kiingereza, Harry Morant na Peter Handcock, walishitakiwa kwa kuwaua Makaburu waliokwisha kujisalimisha. Kapteni wao, aliyekuwa rafiki wa Morant, alikuwa ameuawa, na Morant alitaka kulipiza. Walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe mjini Pretoria tarehe 27 Februari 1902. Mpaka leo wako watu wanaobishana kama walionewa kwa kuwa wakubwa wao hawakuguswa, na ubishi huo una maana. Ukiwaadhibu wadogo ukawaacha waliotoa amri, haki haijatimia. Lakini dawa ya haki nusu ni haki nzima, si kuiacha kabisa. Na leo sheria ya mataifa iko wazi: Mkataba wa Geneva wa 1949 unakataza kumwua mateka, na unakataza kumlipizia kisasi kwa makosa ya wenziwe.

Ndugu wasomaji, sijui kama katika hesabu za Chama cha Mdahalo kura iliyokwisha kupigwa inaweza kupigwa tena. Pengine haiwezi. Lakini mimi nilisimama mbele yenu nikawaomba kura kwa maneno mazuri, nanyi mkanipa, kwa hiyo naona ni haki niseme mbele yenu vile vile kwamba nilikosea. Nilifikiri ninawatetea watu kama babu yangu. Kumbe babu yangu alikuwa amekwisha kutetewa na sajini mwenye taa na daftari, na mimi nilikuwa ninalichana daftari lile.

Kama Mwenyekiti atakubali hoja ile irudishwe muhula ujao, naomba niwekwe upande mwingine.

Ni mimi, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Kwakoa.